Aliyeniombea Macho

Mlioanza nami mnajua nilivyofika Mbinga: begi moja, mume hakuna. Damiano wangu alivuka ziwa kutafuta nyavu za bei nafuu, na ng'ambo ikambakiza. Nikapanda mlima kutoka Mbamba Bay na aibu ya mwanamke aliyeachwa bila kuambiwa kwamba ameachwa.

Mnajua pia nilivyoanza kwa kufagia ofisi ya Wakili Hamphrey, huku nikisoma masomo ya jioni na vijana wanaoniita bibi. Na mnajua jinsi juma lile Wakili alivyoniwekea funguo za kabati mkononi akasema, "Aurelia, kuanzia leo wewe ndiye masjala."

Leo nasimulia jinsi siri ilivyotoka ndani ya kabati lile bila mtu kulifungua.

Wakili alinifundisha kazi mwenyewe. Kila faili lina namba yake. Likitolewa, mahali pake inabaki kadi inayosema limekwenda wapi. Kila Ijumaa jioni nilimletea mafaili mezani, naye aliuliza, "Hili tarehe yake lini? Hili linasubiri nini?" Nikikosa jibu alinyamaza tu. Ningeona afadhali anigombeze.

Na sheria ilikuwa moja.

"Jina la mteja lisivuke kizingiti hiki," aliniambia. "Hata mumeo usimwambie."

"Sina mume, Wakili."

"Basi kwako itakuwa rahisi."

Haikuwa rahisi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia na fedha taslimu, na mashamba ambayo ndugu walikuwa wanaachiana bila maneno, sasa yalikuwa na maneno. Karibu nusu ya jumuiya yangu ya Mtakatifu Monika ilipita kwenye benchi la ofisi yetu.

Na kila aliyepita alibadilika.

Kanisani, mahali pembeni yangu palibaki wazi hata Jumapili ya Matawi. Bombani, nikifika na ndoo, mazungumzo yanakatika. Nilipougua malaria, aliyenijia na uji alikuwa mmoja tu: Tadea, jirani yangu, ambaye pia tuliketi dawati moja kwenye masomo ya jioni na kusoma kitabu kimoja cha Uraia.

Nilijifariji. Nilisema, hivi ndivyo anavyoishi mtunza siri. Wananiogopa kwa sababu najua. Mungu anisamehe, kuna siku nilijiona kama padre.

Lakini padre ana watu wanaomwalika chakula.

Sasa nimlete Mama Walburga.

Alikuwa mjane wa kijiji cha Ukata, mwenye sauti ya chini na viatu alivyovivaa alipofika mlangoni tu. Mumewe, marehemu Vitalis, alimwachia nyumba na shamba la kahawa kwenye mteremko. Vitalis alipewa shamba hilo na baba yake akiwa hai. Baada ya mazishi, mdogo wake Vitalis, jina lake Bernadi, alijitokeza na kusema kaka yake aliazimwa tu. Mjane atoke, tena atoke kabla ya mavuno.

"Siku baba mkwe anagawa shamba, walikuwapo nani?" Wakili aliuliza.

"Wazee watatu, wote wamekufa. Na mgeni mmoja."

"Mgeni?"

"Baba mkwe alisema ndugu wakigombana wataelemea upande. Akamwita mgeni aliyelala kwake siku ile, mtu wa ziwani aliyekuwa anapandisha dagaa wa usipa. Akatembea naye mpaka wote wa shamba, jiwe kwa jiwe, ili awepo mtu asiye na tumbo la kulitamani."

Mgeni huyo ndiye Mzee Edmund wa Mbamba Bay. Wakili alimtumia ujumbe, naye akapanda, akaja ofisini amevaa koti la mvua la njano ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa mzee wa kushona nyavu, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia.

"Marahaba. Sauti ya ziwani hiyo. Wewe mtoto wa wapi?"

"Wa huko huko, baba."

"Na unakaa huku kwenye baridi? Pole sana."

Wakili akamuuliza kama bado anaweza kuonyesha mpaka. Mzee akacheka. "Macho yangu ya sasa ni mabovu, Wakili. Lakini shamba lile niliyaona mawe yake macho yakiwa mazima. Nipe mkono wa mtu, nitakupeleka jiwe kwa jiwe."

Kisha akaacha kucheka.

"Ila Bernadi asijue mpaka siku nitakaposimama. Mimi ni mtu wa peke yangu na nyavu zangu. Watu wake wakishuka kwangu na maneno, sina wa kunisemea. Akijua tu, mimi sipo."

"Hatajua," alisema Wakili.

"Na huyu?" Mzee alielekeza kidevu upande wangu, akakosea kidogo, akauelekezea mlango.

"Huyu ni kabati," alisema Wakili. "Kabati lenye miguu."

"Shikamoo, kabati," alisema Mzee Edmund, na sote tukacheka, hata Mama Walburga.

Nilifunga faili kwa utepe mwekundu, nikalirudisha mahali pake. Nilijua kilichomo: bila maneno ya mzee yule, Walburga anatoka kwenye nyumba yake na kahawa yake, na hana pengine pa kwenda. Kesi ilikuwa imepangwa kusikilizwa Alhamisi, majuma mawili mbele.

Jumamosi jumuiya ilisali nyumbani kwa Tadea. Baada ya Injili hufika maombi, na kila mmoja husema la moyoni mwake. Mmoja aliombea mvua. Mmoja aliombea mwanawe aliyeko Songea. Mimi moyo ulikuwa umejaa Walburga, nikaona aibu kuketi mbele ya Mungu na kujifanya sina la kuomba.

Jina sikulitaja. Wakili alikataza jina, na mimi jina sikuwahi kulitaja hata mara moja, wala la huyu wala la mteja mwingine.

Nilisema, "Ee Bwana, umkumbuke mzee mmoja wa kule ziwani, mshona nyavu anayeugua macho. Uyaponye macho yake, na umpe moyo wa kusema ukweli siku atakaposimama, ili mama mjane asiondolewe kwenye kahawa yake. Twakuomba."

"Ee Bwana, utusikie," wakaitika wote.

Nikarudi nyumbani mwepesi. Nilikula kande zangu peke yangu, lakini nilikula kwa amani.

Juma lililofuata Tadea hakuja darasani. Nilimtunzia nafasi. Mwalimu akasema, "Bibi, sogea katikati basi, dawati ni lako lote." Vijana wakacheka.

Kesho yake asubuhi, nikielekea ofisini, niliwaona stendi. Akina mama wa jumuiya yangu walikuwa wanapanda pikapu, wamevaa sare za Mtakatifu Monika, na ndoo na sufuria na mafungu ya sabuni. Walikuwa wanaimba. Tadea ndiye aliyekuwa anawavuta mkono kupanda.

Sare ile ninayo. Ilikuwa imekunjwa sandukuni kwangu.

Nilijibanza nyuma ya kibanda cha mitumba wasinione. Nilidhani wanakwenda arusini. Nilisema moyoni, hata Tadea. Nikasali Salamu Maria mpaka pikapu ilipopotea, maana bila hivyo ningelia mbele ya muuza mashati.

Jumatatu ya juma la kesi, Mama Walburga aliingia ofisini bila kuvaa viatu vyake.

"Wakili, mzee amefunga nyumba."

"Mzee gani?"

"Edmund. Nilishuka jana kumpa nauli. Nyumba imefungwa. Amejificha kwa jamaa zake hapo ufukweni, anasubiri boti la Jumatano avuke ng'ambo. Nilisema naye kupitia dirishani. Anasema habari zimejulikana, watu wametoka Mbinga kabisa wamemfuata na kesi mdomoni, na kijiji kizima kimesikia. Anasema Bernadi naye sasa atakuwa ameshasikia."

Wakili aliweka kalamu chini taratibu. "Mama, ulimwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Dada yako? Mwanao? Katekista?"

"Hakuna, baba. Naapa kwa kaburi la Vitalis."

"Wanaojua ni wanne. Mimi, wewe, mzee, na faili. Mimi sikusema. Faili halina mdomo."

Hakunitaja. Nilikuwa nimesimama pale na kadi mkononi, na hakunihesabu. Kwake mimi nilikuwa bado kabati.

"Kuna kitu kingine alisema," alisema Walburga, amechanganyikiwa. "Alisema, 'Yule aliyeniombea macho aje mwenyewe nimsikie, nitajua kama ni mtu wa kweli au ni mtego.' Sikumwelewa. Nadhani ni hofu tu."

Kadi ilinitoka mkononi.

Niliinama kuiokota, na nilikaa kule chini muda mrefu kuliko kadi ilivyohitaji.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ningesema. Sikusema. Wakili alimwambia mama yule aende akafikiri usiku kucha, arudi asubuhi na ukweli. Akatoka akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nami nikapanga mafaili ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Jioni nilikwenda darasani kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Tadea alikuwepo. Alikuwa amefungua kitabu chetu cha Uraia, na juu yake ameweka kifurushi cha gazeti chenye harufu ninayoijua tangu utoto.

"Usipa," alisema, meno yote nje. "Kutoka kwa mzee wako."

"Mzee wangu yupi?"

"Acha kunificha! Yule wa macho. Ulisema tu mshona nyavu anayeugua macho, tukamjua mara moja. Nani asiyemjua Mzee Edmund? Amelisha mji huu usipa miaka mingapi? Tukasema, jumuiya haiombi kwa mdomo tu. Tukachanga sabuni na sukari, tukamshukia. Tumeimba mlangoni kwake, tumemwambia, kuna mwenzetu amekuombea macho, baba usiogope, siku ya mahakama jumuiya nzima iko nyuma yako. Watu walijaa! Alilia machozi."

"Tadea."

"Nini?"

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Si ulificha jina? Tukaona hutaki ijulikane unamfahamu. Tukasema, Aurelia asijue, tumtunzie siri yake."

Mwalimu alikuwa anaandika mihimili ya dola ubaoni. Chaki ililia. Nilishika ukingo wa dawati.

"Yule mzee si wa kuombea tu," nilinong'ona. "Ni wa ofisini. Ametoka kwenye faili."

Tadea alifunga kitabu juu ya usipa. Kisha akasema kama mtu aliyekuwa na jiwe ndani ya kiatu siku nyingi.

"Nikuambie kitu, usikasirike?"

"Sema."

"Unadhani watu wanakukimbia kwa sababu unajua mambo yao."

"Ndiyo."

"Hapana, dada. Wanakukimbia kwa sababu unawaombea."

Akaendelea, chini chini, macho ubaoni.

"Kwaresima uliomba, 'Bwana, umsaidie mama ambaye mumewe ameweka nyumba rehani bila yeye kujua.' Unakumbuka? Mama huyo alikuwa ameketi kulia kwako. Hakuwa anajua. Aliitika 'Ee Bwana, utusikie' pamoja nasi, halafu akarudi nyumbani kuuliza. Uliombea kijana aliyempa binti wa watu mimba na kukana. Binti alikuwa mlangoni anasonga ugali. Kila Jumamosi tunaketi tunajiuliza, leo ni zamu ya nani?"

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nani atamwambia mtu aache kumwombea mwenzake?"

"Na wewe? Wewe mbona hukunikimbia?"

"Mimi sina kesi," alisema Tadea. Akajaribu kucheka, akashindwa. "Na ulikuwa na malaria."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilipiga magoti mbele ya msalaba wangu mdogo, na kwa mara ya kwanza tangu Kipaimara sikuweza kufungua mdomo. Niliogopa nitamtaja mtu.

Asubuhi Walburga alikuwa benchini kabla yetu. Wakili hakuketi.

"Mama, nimefikiri. Mteja asiyefunga mdomo siwezi kumtetea. Nikisimama Alhamisi na shahidi hayupo, nitakupoteza wewe na kujiaibisha mimi. Aurelia, leta faili la mama. Tunalifunga."

Nilifungua kabati. Nililitoa. Nikaacha kadi mahali pake, kama nilivyofundishwa.

Kufunga faili ni kazi ndogo. Unaandika tarehe juu ya jalada, unapitisha utepe, unakaza, unalipandisha rafu ya juu. Niliandika tarehe. Nilipitisha utepe. Walburga alikuwa anaitazama mikono yangu kama mtu anayetazama jeneza likipigwa misumari, wala hakusema neno la kujitetea tena.

Utepe haukukazika. Mikono ilikataa.

"Wakili," nilisema, "faili lina mdomo. Ni huu."

Nilisema yote. Maombi, nyavu, macho, pikapu, nyimbo, usipa. Nilisema nimetii sheria yake siku zote, jina sikulitaja. Nilipofika hapo hata mimi nilisikia ujinga wake.

Wakili alikwenda dirishani, akatupa mgongo.

"Kwenye jumuiya," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa sauti."

"Ndiyo, Wakili."

"Umewaombea wateja wangapi?"

Nilirudi kwenye kabati nikaanza kuyatoa. Hili la nyumba ya rehani. Hili la binti. Hili la ndugu wawili wa Kigonsera. Niliyaweka mezani moja juu ya jingine, kila mahali nikiacha kadi, mpaka kadi zikaniishia na kabati likabaki kama mdomo wa kibogoyo. Kila faili nilikuwa nimelipenda. Kila moja nilikuwa nimelipeleka mbele ya Mungu na mbele ya watu.

Wakili aligeuka, akaona meza. Nilitegemea kelele. Aliketi.

"Mama Walburga," alisema, "siri yako imetoka kwangu. Sheria haimjui karani, inanijua mimi. Nilimpa funguo nikamkataza majina, nikadhani nimemfundisha kazi. Nisamehe kwa maneno ya jana. Ukitaka wakili mwingine, nitakuandikia barua sasa hivi."

"Mwingine yuko Songea," alisema Walburga. "Na mimi nina nauli ya kurudi Ukata tu."

Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa kofi.

"Uliniombea?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu Vitalis azikwe," alisema, "sikujua kama kuna mtu ananiombea." Akanitazama machoni. "Lakini ungeniombea kimya, dada."

Wakili alinyoosha kiganja. Niliweka funguo juu yake. Kabati likawa si langu.

"Mzee amesema atamsikiliza aliyemwombea macho," alisema. "Basi shuka. Nenda na mama huyu. Boti ni kesho, kesi ni keshokutwa. Usimtaje kwa jina mbele ya mtu yeyote, maana Bernadi sasa anamtafuta, na hajui amejificha wapi. Ukija naye tutazungumza habari ya kazi yako. Asipokuja, Aurelia, sioni kazi gani itabaki ya kuzungumzia."

Gari lilitulaza njiani, na alfajiri lilikuwa bado linakohoa kwenye kona za mlimani. Nilianza rozari. Nadhani midomo ilianza kutoa sauti bila mimi kujua, maana Walburga alinigusa goti.

"Safari hii kimoyomoyo, dada."

Nikasali kimoyomoyo. Ni vigumu. Ukizoea kuitikiwa, kimya ni kama kuongea na mtu aliyetoka chumbani.

Kwenye kona ya mwisho ziwa likafunguka chini yetu. Sikuwa nimeliona tangu Damiano. Sikulitazama sana.

Tulikwenda moja kwa moja kwa jamaa zake Mzee Edmund. Wavu ulikuwa umetandazwa uani, sindano ya kushonea bado imechomekwa ndani yake, na uzi wake umening'inia.

"Ameshuka sasa hivi," alisema mama mwenye nyumba, hakusema nani. "Kimbieni."

Tukakimbia.

Boti la ng'ambo lilikuwa limeshasukumwa majini, vijana wakiwa wamezama mpaka kifuani, wakilielekeza. Lilijaa magunia na kina mama na kuku. Na nyuma kabisa, amejikunyata, ameipa pwani mgongo: koti la mvua la njano.

Nilitaka kuita. Mdomo ukafunguka.

"Karani!"

Sauti ilitoka pembeni. Niligeuka. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, viatu vinang'aa, mikono mfukoni. Sikuwahi kumwona ila mahakamani siku kesi ilipotajwa, lakini hasahauliki. Bernadi.

"Shikamoo," nilisema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Umekuja kwenu kula samaki? Na wewe, shemeji! Siku hizi unashuka ziwani? Au unatafuta mume wa kuvua?"

Walburga alikaza kanga kiunoni.

"Au mnamtafuta ninayemtafuta mimi?" Bernadi alicheka, akageuza uso kuelekea nyumba za juu, akizikagua moja moja. "Kuna mzee mmoja hapa, fundi wa nyavu. Nina mazungumzo naye madogo tu. Nimeambiwa yuko kwenye moja ya nyumba hizi. Nitagonga zote."

Hakuwa anatazama majini.

Nyuma ya boti, mwenye injini alishika kamba, akavuta. Injini ikakohoa, ikazima.

Nikapunga mkono. Upumbavu. Mzee mwenye ukungu machoni, tena ametupa mgongo, atauona mkono wa nani? Nikiita jina lake, Bernadi atageuka. Nisipoita, injini ikiwaka, hakuna sauti itakayofika. Na jina lenyewe nilikatazwa.

Kamba ikavutwa tena. Ikakohoa zaidi.

Walburga alisogea mpaka bega lake likagusa langu. Kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa kinaelea pale mbele, kimevaa koti la njano.

"Omba, dada," alininong'oneza.

"Ninaomba. Kimoyomoyo."

"Hapana." Alinisukuma mgongoni. "Kwa sauti."

Nilipiga magoti mchangani, miguu nusu majini. Nilivuta pumzi yote niliyokuwa nayo.

"Ee Bwana!" nililia, na sauti yangu ya ziwani, ambayo mlimani walikuwa wanaicheka, ikapita juu ya maji. "Uyakumbuke macho yaliyoingia ukungu! Macho yaliyoona yakiwa mazima! Uyaponye, Bwana, twakuomba!"

Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika usipa, asiyenijua wala nisiyemjua, akaitika bila kuacha kazi yake:

"Ee Bwana, utusikie."

"Ee Bwana, utusikie," wakaitika wengine nyuma yake.

Kwenye boti, koti la njano lilijinyoosha. Mzee alisimama katikati ya magunia, akayumba, akageuza uso kuifuata sauti, mkono mmoja umenyooshwa mbele kama anayetafuta mlango gizani.

Injini ikawaka.

Na juu ya jiwe lake Bernadi hakuwa anacheka tena. Aliutazama mkono ule. Alinitazama mimi. Kisha akainama, taratibu, akaanza kuvua viatu.